Kiingereza Nilichookota Kapuni

Kwa Rashidi, mwanangu wa kwanza,

Salamu sikuwekei, maana nakuona dirishani hapo nje unamfukuza jogoo wa jirani, na sijui mtu anamsalimuje kwa barua mwenzake anayemwona mgongo. Nimejifungia humu tangu tulipomaliza kula mchana. Mama yako anadhani natengeneza kufuli la sanduku lako. Kufuli lilipona asubuhi. Nakuandikia wewe.

Mambo ya sabuni, ya kukunja blanketi, ya kutogombana na wenzako bwenini, hayo mama yako ameyasema na kesho atayasema tena mpaka lori liwashwe. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka yote uliyo nayo duniani.

Kesho lori la korosho linakutoa hapa Nachingwea mpaka Ruangwa, halafu unakwenda Mandawa kwa mjomba wako Selemani. Utalala kwake, na keshokutwa ndipo uendelee na safari ya shule. Unajua kwa nini lazima upite kwake. Sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba. Mimi baba nimekulisha, nimekuchapa, nimekufundisha baiskeli mpaka ukanivunjia taa, lakini mjomba akisema huyu haendi, basi huendi, na mimi nitabaki nimeshika kofia mkononi. Na Ijumaa iliyopita alileta maneno kwa mdomo wa muuza ufuta: "Mleteni kwanza nimtazame. Mtoto wa dada yangu kwenda kusomea mambo ya karatasi, mimi bado sijakubali."

Hajakubali kwa sababu yangu. Yeye hajui kwamba ni kwa sababu yangu. Anadhani ni kwa sababu ya mtu mwingine, na mtu huyo hana kosa. Ndiyo habari yenyewe. Sasa kaa vizuri.

Baba yako niliishia darasa la tatu. Nasema niliishia, mwalimu wangu angesema nilifukuzwa, lakini yeye hana kalamu hapa. Wazungu walipokuja kulima karanga, na huu mji unaouona ulipokuwa mahema na matrekta tu, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na nakwambia bila haya kwamba hapakuwa na kijana mzuri kuliko mimi kambi nzima. Muulize mama yako. Atakataa, lakini mtazame uso wakati anakataa.

Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi na kupeleka chai. Jioni nilitakiwa kuchoma karatasi zote za kapuni. Sikuchoma hata moja. Karatasi imepigwa mashine, mistari imenyooka kama matuta ya trekta, mtu anaichomaje? Nilizikunja nikaziweka ndani ya debe la biskuti, na siku za mapumziko nilikwenda nazo vichakani nikizisoma kwa sauti kubwa. Maana yake sikuijua. Nilijua moja moja: trekta, dereva, nyumbani, mama, tafadhali. Lakini sauti! Ungenisikia ungedhani bwana mkubwa mwenyewe amepotea porini.

Watu wakasikia. Wakaanza kuja: Mmakonde anataka kubadilishiwa kazi, Myao ameibiwa kanzu, Mmakua anataka kuhama banda kwa sababu jirani yake anaongea usingizini. Wakaniita Bwana Barua. Walinilipa mayai na sigara, na mimi nilivuta sigara nikiwa nimekunja nne kama hakimu.

Sikiliza nilivyofanya, maana hapa ndipo ulipo uovu. Mtu ananieleza shida yake. Mimi nafungua debe, natafuta barua ambayo kwa macho inafanana na shida ile. Nikiona neno dereva na mtu ni dereva, nimepata. Naibadilisha jina tu, naiandika upya kwa mwandiko mzuri, na mwandiko wangu ni mzuri, unauona hapa. Halafu namsomea kwa Kiswahili. Lakini sikuwa nasoma, mwanangu. Nilikuwa namrudishia maneno yake mwenyewe aliyonieleza muda si mrefu, huku nimekaza macho kwenye karatasi. Naye anapiga paja: "Ndivyo! Ndivyo hasa nilivyosema!" Angesemaje vingine? Anatia dole gumba kwenye wino, anabandika, anaondoka na furaha.

Na barua zilifanya kazi. Baadaye nilijua kwa nini: Mzungu alipoona karatasi haieleweki alimwita mtu na mkalimani, akamuuliza kwa mdomo. Mimi nilidhani ni Kiingereza changu.

Kulikuwa na karani pale ofisini, Benedikti, Mmakua wa upande wa Masasi. Mwembamba, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku ya vumbi. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mtu mpole kambini anatafuta nini? Aliyejua Kiingereza kweli alikuwa yeye, na watu walikuja kwangu kwa sababu mimi nilicheka nao. Nilijua siku moja atataka kunipokonya wateja, nikawa namvizia.

Sasa mjomba wako. Wakati ule alikuwa dereva wa trekta, tena dereva wa kutazamwa. Akipita, watoto wanakimbia nyuma, na yeye hageuki, ameweka shingo hivi, kama hasikii. Mimi nilikuwa nimeshamwoa dada yake na wewe ulikuwa tumboni. Ikaja habari kwamba bibi yako anaumwa sana huko Mandawa. Selemani akanijia.

"Shemeji, niandikie kwa bwana. Nataka siku saba nikamwone mama."

"Siku saba tu? Kwa Kiingereza changu nitakuombea kumi."

"Saba zinatosha. Usinitie kwenye matatizo."

"Matatizo? Unajua unazungumza na nani?"

Debe lilikuwa na barua moja niliyoipenda kuliko zote. Iliandikwa na dereva, ndani yake kulikuwa na trekta, na nyumbani, na tafadhali mara tatu, na mwisho maneno ya heshima marefu kama treni. Nikaona hii ndiyo ya shemeji yangu, hawezi kupewa barua ya mtu wa kawaida. Nikaiandika yote. Nikamsomea siku zake saba. Akatia kidole.

Benedikti aliiona mezani kwangu, pale kwenye vikombe. Akaisoma. Akanivuta pembeni, nyuma ya ofisi, mahali ambapo hakuna aliyetuona.

"Bwana mdogo, unajua barua hii inasema nini?"

"Najua. Si nimeandika mimi?"

"Basi nieleze."

"Kwani wewe bwana? Barua si yako."

"Hainihusu, kweli. Lakini inamhusu shemeji yako. Nipe karatasi nyingine nikuandikie. Bure. Sitamwambia mtu."

Neno bure ndilo lililonimaliza. Kambini pale hata maji ya kunawa yalikuwa na mwenyewe. Nikajiambia, bure ya huyu ina mkia. Leo anaandika bure, kesho watu wote watasikia kwamba Bwana Barua huandikiwa na karani. Nikamnyang'anya karatasi, nikaiweka kwenye sinia pamoja na chai, nikampelekea bwana mwenyewe kwa mkono wangu huu.

Bwana akaisoma mara mbili. Akamwita Selemani. Siku hiyo mkalimani hakuwepo, na Kiswahili cha bwana kilikuwa cha kuhesabu vidole. Akamwonyesha alama ya dole.

"Hii yako?"

"Yangu, bwana."

"Wewe taka mwenyewe?"

"Nataka, bwana. Mama anaumwa."

Bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyesikitika, akanyoosha mkono, Selemani akampa ufunguo wa trekta. Akaja kunishukuru! Akanikumbatia mbele ya watu, akaenda kwao kwa miguu akiimba. Siku ya nane alirudi akakuta mtu mwingine juu ya trekta lake, na jina lake limefutwa kwenye kitabu cha kazi.

Barua ile, Rashidi, ilikuwa ya dereva mmoja aliyekiri kwamba alilewa, akalitumbukiza trekta kwenye korongo, akaomba aache kazi na kurudi nyumbani kabla hajafukuzwa. Shemeji yangu, ambaye hata togwa likichacha halinywi, alitia dole gumba kwenye maneno hayo.

Alipotambua kazi hana, alikwenda kwa Benedikti kwanza, maana ndiye mwenye vitabu. Benedikti akamwambia maneno matano tu: "Muulize shemeji yako aliyekuandikia barua." Wakaja wote wawili mpaka kwangu. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni na tumbo lako mbele, anapepeta mtama. Selemani akauliza, taratibu kabisa, "Shemeji, uliandika nini?"

Mimi wakati ule sikujua nilichoandika, huo ndio ukweli. Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, herufi tano tu. Nikasema, "Mimi niliandika siku saba. Huyu aliishika nyuma ya ofisi, akaibadilisha. Tena alitaka kuniandikia nyingine bure, muulize kama hakusema bure."

"Ulisema?" Selemani akamgeukia.

"Nilisema," akajibu Benedikti.

Basi. Karani alikiri kosa lisilo lake kwa kusema kweli. Akanitazama, akamtazama mama yako, akatazama ungo, akaondoka. Selemani akamtemea mate kisogoni. Mimi nilisimama pale kijana mzuri kuliko wote kambini.

Tangu siku ile mjomba wako amekuwa mtu wa kushuku karatasi. Unamjua. Hati ya kodi anampa mkewe amshikie. Mtu akiingia uani kwake na kalamu mfukoni, anafunga mlango. Somoe, binti yake mkubwa, hakutia mguu shule; mdogo wake Hamisi naye ametimiza miaka ya kuanza na mwalimu wa Mandawa amekwenda kumwomba mara mbili. Selemani anamjibu, "Mtu akishajua kuandika anakula watu bila kutafuna." Ukimsikia anavyosema, anamsema Benedikti. Halafu ananigeukia: "Isipokuwa wewe shemeji." Ananichinjia kuku. Nimekwenda Mandawa mara sita nikiwa nimejipanga kusema, mara sita akachinja kuku, na mara sita nikala paja nikarudi.

Utaniuliza nilijuaje barua ilisema nini. Miezi miwili baadaye nilimpelekea Benedikti mwenyewe ile barua ya debe niliyoinakili. Nilikwenda kwa kiburi, nikitaka kumnasa. Akanisomea neno kwa neno, kidole kikitembea. Alipomaliza nikamuuliza, "Kwa nini siku ile hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia wewe."

Halafu akanifundisha. Ndiyo, mtu niliyemchafua alinifundisha miezi minne, kila Jumapili akitoka kanisani, mpaka shamba lilipofungwa na makarani wakatawanyika. Nami kila wiki nilingoja aniombe nikamsafishe kwa Selemani, nikimshuku kwamba ndicho anachonifundishia. Hakuomba hata siku moja. Na mimi sikwenda.

Vitu alivyonifundisha ndivyo nakupa, maana unakokwenda masomo ni kwa Kiingereza, na maneno yao lazima uyatazame kwa jicho la pembeni. Sisi tuna kuazima, neno moja linalotoka na kuingia mlango uleule: niazime jembe, nimeazima jembe. Wao wana milango miwili. Anayetoa ni lend, anayepokea ni borrow. Mimi nilimwambia bwana, kifua mbele, "Borrow me your bicycle," akanitazama kama nimemwomba meno yake. Sisi tunasikia harufu. Mwambie Mzungu kwamba unasikia harufu kwa lile neno lao hear, atatega sikio. Sisi tukisema yeye, ni mwanamume ni mwanamke, yote sawa. Wao wana he na she, na mimi katika barua za watu niliwafanya mama wazaa chema wote kuwa wanaume wenye ndevu.

Halafu kuna herufi zinazokaa tu. Wednesday ina d katikati, haisemi kitu, imekaa kama askari kanzu. Knife ina k mlangoni, hivyohivyo. Quiet na quite ni watu walewale wamebadilishana viti: moja ni kimya, nyingine ni kabisa, na mimi niliandika mwaka mzima kwamba bwana yuko kabisa nilipotaka kusema yuko kimya. Receive ilinitesa miaka miwili, nikitanguliza i mbele ya e. Sijui kwa nini e inatangulia pale na kwenye believe inafuata. Benedikti naye hakujua. Alisema, "Hapo mimi hutazama kitabu." Nilishtuka, Rashidi. Karani mzima, shati limepigwa pasi, anasema hutazama kitabu! Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku zote nilizomsikia akiongea na Wazungu.

Mimi sasa neno la Kiingereza likinijia haraka mno nalishuku. Nililolisotea ndilo natumia. Na barua yako ya kuitwa shule nimewapelekea watu watatu waisome, kila mmoja peke yake, nione kama watasema habari moja. Walisema habari moja. Nikashuku kwamba walikutana njiani. Mama yako akasema nina ugonjwa, na labda ninao, lakini umechelewa. Siku niliyopaswa kushuku, yaani nijishuku mimi, nilimshuku mtu aliyenivuta pembeni ili nisiaibike.

Huko shule watakaokucheka ukikosea watakuwa wengi, nawe uwacheke, una meno. Akitokea mmoja wa kukuvuta pembeni, mfuate.

Sasa nakwambia la juzi. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nilimwambia mama yako, "Rashidi akifika Mandawa aseme anakwenda kusomea useremala. Selemani anapenda mbao. Atampa na baraka."

Mama yako akaacha kusonga ugali. "Useremala?"

"Neno tu. Apite."

"Umdanganye kaka yangu kwa mdomo wa mwanangu? Una nini wewe na kaka yangu?"

Nikacheka kidogo, kama ninavyocheka. Hakucheka. Alishika mwiko akaningoja, na ugali ukaungua, na mimi nikamweleza yote, toka debe mpaka mate. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu, "Yule karani, alikuwa na watoto?" Nikasema sikuwahi kumuuliza. Tangu juzi hajanitania hata mara moja, na unajua nyumba hii bila mama yako kunitania ilivyo.

Kwa hiyo useremala hakuna. Nilipoanza barua hii mchana nilitaka uisome peke yako njiani, ujue, basi. Nilipofika kwenye kuku wa Selemani nikabadilisha: uisome Mandawa, umsomee yeye. Ni ya Kiswahili, ataielewa yote. Lakini nimekusoma hapo dirishani, una miaka kumi na mmoja na unashindwa na jogoo. Siwezi kukutuma ubebe kitu nilichoshindwa kukibeba nikiwa na ndevu.

Nimeshazungumza na dereva wa lori. Nitakaa juu ya magunia pamoja na wewe. Tukifika, kabla hajashika kuku yeyote, utafungua karatasi hizi na utasoma wewe, kwa sababu nikisoma mimi nitaruka mistari, najijua. Hamisi na Somoe nao wakae wasikie. Mimi nitakaa mkekani mbele yake, mahali ambapo mkono wake unanifikia.

Anaweza kusema hapana. Anaweza kusema kwamba baba akiwa hivi, mtoto akipata shule kamili atakuwaje, na hapo nitakuwa nimekunyima shule kwa mkono wangu. Nimelifikiria hilo tangu mchana, na kalamu imesimama mara tatu. Lakini ukienda kwa uongo wangu utakuwa barua nyingine ya kapuni, jina tu limebadilishwa. Akikataa, tutarudi wote wawili juu ya magunia, na hasira zako nitazipokea. Akikubali, ni wewe aliyekukubali.

Isome mara moja leo, ili kesho usikwame kwenye mwandiko. Na pale mkekani, Rashidi, ukinisikia nakohoa, au naanza mzaha, au nasema hebu tunywe maji kwanza, usininyanyulie macho. Soma.

Baba yako,
Mohamedi